Punda Aliyeniletea Bibi

Nyinyi vijana wa hapa West Indies, mtaa wetu wa Eldoret, mkiona punda anavuta mkokoteni wa maji mnacheka. Chekeni tu, meno ni yenu. Lakini mimi nina watoto saba. Wa kwanza nilimpata kwa nguvu zangu mwenyewe. Wale sita walikuja kwa msaada wa punda. Msiangaliane hivyo, nitawaeleza.

Kazi yangu ilikuwa saisi. Siku hizi mkisikia saisi mnafikiri ni dawa ya tumbo. Saisi ni mtu wa kuangalia farasi ya mzungu. Unaisugua na burashi mpaka ing'ae, unaipa maji safi, unaipa chakula ambacho hata wewe ungekula ukiachwa nacho peke yako, unainua miguu yake mmoja mmoja unatoa matope na mawe. Ikikupiga teke, mzungu anakuja mbio kuangalia kama mguu wa farasi umeumia. Mimi nilipigwa moja ya mbavu mwaka wa kwanza, nikalala chini kama gunia ya mahindi. Bwana akafika, akapapasa ule mguu wa farasi, akaniuliza, "Wewe nafanya yeye nini?"

Nilisoma mpaka darasa la nne kule Maragoli, halafu mimi na mwalimu tukakubaliana kwamba inatosha. Nikapanda kwa miguu kupitia Kapsabet mpaka Eldoret. Hiyo ni kabla ya vita ya Hitler. Nikaandikwa kazi kwa shamba moja upande wa kwenda Moiben. Nyumbani niliacha bibi, Rabeka, akiwa na mimba. Siku ya kuondoka alifungua kitambaa yake ya kichwa, ile ya buluu, akanipa. Akasema nisimsahau. Mimi nikajibu mambo mengi matamu ambayo hayawahusu.

Jina la Bwana sitataja. Sisi tulimwita Bwana Ngoja. Hakuwa mkali, hapana. Matusi yake yalikuwa machache na kiboko hakuwa nayo. Lakini ukimwomba kitu, blanketi, dawa, ruhusa ya kwenda kuzika, jibu lilikuwa moja tu: "Ngoja kidogo." Mtu mmoja wa trekta aliomba ruhusa ya harusi ya dada yake, na wakati alipewa, alienda akakuta dada ana watoto wawili. Sawa, pengine ninaongeza. Alikuwa na mmoja.

Sasa, wale Wanandi waliokuwa na ng'ombe walikaa huko mwisho wa shamba na familia zao. Sisi tuliotoka mbali tulikaa kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wanaume tupu, wanne kwa nyumba moja, moshi ndani na baridi ya Uasin Gishu nje. Bibi hakuruhusiwa. Bwana alieleza sababu. Alisema bibi ataleta mtoto, mtoto ataleta mbuzi, mbuzi atakula maua ya Memsab. Yaani kwa kichwa yake kulikuwa na barabara moja imenyooka kutoka kwa ndoa yangu mpaka kwa maua ya bibi yake.

Nilimwomba mara tatu niruhusiwe kumleta Rabeka. Mara ya kwanza, ngoja kidogo. Mara ya pili, ngoja kidogo. Mara ya tatu nilimpelekea barua ambayo Rabeka aliandikiwa na mwalimu, inasema mtoto ni msichana, anaitwa Jerida, na ameanza kutembea. Nikamsomea Bwana nikimtafsiria. Akasikiliza vizuri kabisa. Akatikisa kichwa kama mtu ameguswa. Halafu akasema lile neno lake.

Mkubwa wangu kwa banda la farasi alikuwa Mzee Chumo, Mnandi mwembamba, mtu wa kuongea mara mbili kwa siku, na mara moja ya hizo ni kusalimia. Huyu ndiye alinifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza nilitumwa nimlete farasi mmoja dume, Diuki, kutoka kwa malisho. Nikaingia na kamba, nikamkimbiza. Akazunguka, nikazunguka. Nilimkimbiza kutoka saa tatu mpaka jua likafika utosini. Mzee Chumo alikuwa ameegemea ua anatafuna kijiti. Aliponiona nimeanguka mara ya tatu, akaingia na debe tupu, akaigeuza, akaketi juu yake, akampa Diuki mgongo. Akatoa hindi la kuchoma kwa mfuko, akaanza kula pole pole kama mtu yuko kwake. Diuki akasimama. Akaangalia. Akaja hatua moja, mbili, mpaka akaweka mdomo kwa bega la mzee. Kamba ikaingia shingoni kimya kimya.

"Mnyama hafuatwi," Mzee Chumo akaniambia. "Ukimfuata anajua unataka kitu. Mpe mgongo, atakuja kuuliza kwa nini humtaki."

Shikeni hiyo, ni elimu. Mimi niliijaribu hata kwa askari aliyeniuliza kipande, ile karatasi ya kazi ya kuvaa shingoni, pale stesheni ya Eldoret. Nikampa mgongo. Haifanyi kazi kwa askari.

Basi, Diuki alikuwa na mwenzake jike, Ledi. Walilala banda moja, walikula pamoja, mmoja akitolewa mwingine anapiga mlango. Na wakati wa mvua kuna ugonjwa wa farasi, unakuja na wadudu wadogo wa jioni. Kila saisi anajua: jua likianza kushuka, farasi ndani, mlango funga, moshi kidogo uwashe. Mzee Chumo alimwambia Bwana hivyo kila msimu. Lakini Bwana akienda klabu na Ledi, alimfunga nje kwa mti, karibu na kinamasi, na yeye akaingia kukata kiu. Kiu yake ilikuwa ya ngamia. Ledi akakaa hapo kila Jumamosi mpaka giza, anafukuza wadudu na mkia.

Ledi akaugua siku mbili, povu likatoka puani, akafa asubuhi. Bwana alisema ni bahati mbaya. Ukiwa na shamba kubwa namna hiyo, kila kosa yako inaitwa bahati.

Mzee Chumo akamwomba jambo moja tu. Alitaka Diuki aletwe amnuse mwenzake kabla hajaondolewa. Hiyo ni desturi ya watu wa mifugo, na ni akili: mnyama akinusa maiti anajua kwamba imeisha, anasimama hapo kidogo, halafu anarudi kula. Asiponusa, anafikiri mwenzake ameenda safari. Bwana akasema hapana, Diuki atahuzunika. Akaamuru ng'ombe wa jembe wafungwe minyororo, Ledi akaburutwa nyuma ya miti haraka haraka, kama mtu anaficha chungu imevunjika.

Kutoka siku hiyo Diuki aliangalia geti. Asubuhi, geti. Jioni, geti. Akakataa chakula. Akaanza kuyumba kwa mlango, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu wa dini anaingiwa na roho. Akatafuna mbao za banda mpaka nikawa natoa vijiti kwa meno yake. Mbavu zikatoka nje. Na hii haikuwa farasi ya kuvuta jembe. Hii ilikuwa ya mashindano, Bwana alikuwa amejigamba nayo kwa wazungu wenzake mpaka hawezi kurudi nyuma.

Hapo ndipo mimi niliona maajabu. Daktari ya wanyama aliitwa kutoka mjini, akaja na gari. Sisi tukiumwa tulipewa ile chumvi ya kuendesha tumbo, hata kama ni jino. Diuki akaletewa blanketi ya pili. Sisi wanne kwa nyumba yetu tulikuwa na blanketi tatu. Memsab akabeba gramafoni yake mpaka kwa banda, akaweka sahani ya wimbo wa mwanamke mmoja analia kizungu. Diuki akasikiliza mpaka katikati, akainua mkia, akajibu. Memsab akabeba gramafoni akarudi.

Halafu Bwana mwenyewe akaleta kiti. Akakaa na farasi, na kiko yake mdomoni, jioni tatu. Mimi nilikuwa hapo nafagia. Jioni ya tatu aliniangalia macho yamekuwa mekundu, akasema, "Saisi, yeye nasikia uchungu. Hapana mzuri kukaa pekee yake."

Vijana, mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Miaka mitatu nilikuwa nimelala peke yangu na wanaume watatu wanaokoroma, mtoto wangu ananijua kwa jina kama mtume wa Biblia. Nikamwambia, "Ni kweli Bwana, si vizuri." Nikaendelea kufagia. Lakini nilifagia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mzee Chumo ndiye alileta dawa. Hakumwuliza mtu. Kulikuwa na mama mmoja Mkeiyo aliyekuwa anapanda kutoka bonde la Kerio na punda wake kuuza wimbi na asali mjini. Wale akina mama walitembea na punda wao wakiongea nao njia nzima. Mzee akabadilishana na yeye ndama kwa punda jike mmoja wa kijivu, masikio marefu, uso wa mtu anayejua siri yako. Jina tulimwita Sigiriet, ambayo kwa Kinandi ni punda tu. Mzee Chumo hakuwa mtu wa kupoteza majina.

Bwana alipomwona akawa mwekundu kama nyanya. Punda? Karibu na farasi ya damu safi? Wageni watasema nini? Mzee Chumo akamwambia ni wa kubeba maji ya banda. Basi Sigiriet akabeba madebe mawili kutoka mtoni, na kwa bahati tu, ile njia ya maji ilipita mbele ya mlango wa Diuki mara kumi kwa siku.

Hapa nyinyi mnaofuga sikilizeni, maana ni kazi. Hamtupi tu punda kwa farasi. Siku tatu unaweka ua katikati. Unawalisha wakati mmoja, lakini si chakula kimoja. Punda akila nafaka ya farasi anavimba na kwato zinaharibika, yeye mpe nyasi kavu tu, atakulaumu lakini ataishi. Na burashi, unasugua mmoja, halafu na hiyo hiyo burashi bila kuosha unasugua mwingine. Harufu zinachanganyika. Siku ya nne unatoa ua, na kila mmoja anafikiri mwingine ni wa kwao. Hivyo tu. Diuki alimnusa Sigiriet kutoka sikio mpaka mkia, akashusha pumzi ndefu, akaanza kula. Baada ya wiki mbili hakuyumba tena. Bwana akaacha kuuliza habari ya wageni. Akaanza kuwaambia ni wazo lake.

Mimi hiyo habari ya burashi ilinikaa kichwani. Nikawaza, kama harufu inaweza kufanya farasi akubali punda, inaweza kufanya nini kingine?

Nikatoa ile kitambaa ya Rabeka. Ilikuwa bado na harufu yake, moshi na mafuta. Kila asubuhi nikaweka chumvi kidogo ndani, nikampa Sigiriet ailambe kwa hiyo kitambaa, hakuna mahali pengine. Punda anapenda chumvi kuliko wewe unavyopenda sukari. Mwezi mmoja nikafanya hivyo. Nilikuwa namwambia, "Huyu ni Rabeka. Rabeka ndiye chumvi." Wale wa laini walisema mbuzi ya kichwa yangu imekata kamba.

Halafu siku moja nikaacha. Kitambaa nikaificha. Alfajiri, chumvi hakuna. Sigiriet akangoja, akaona ni mchezo, akainua shingo, akalia. Mmeshasikia punda akilia akiwa na haki yake? Banda lilikuwa chini ya dirisha la Bwana. Siku ya kwanza dirisha likafungwa. Siku ya pili Memsab akatupa kiatu. Siku ya tatu Diuki naye akaanza tena kuyumba. Siku ya nne Bwana akatoka na nguo za kulala.

"Hii punda nataka nini?"

Nikavua kofia. "Bwana, huyu punda amelelewa na wanawake. Anaona wanaume tu kila siku. Roho yake imechoka. Na roho ya punda ikichoka, ya farasi inafuata."

Mzee Chumo alikuwa nyuma yangu anafunga fundo ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Hakuinua macho.

Bwana akafikiri. Nikajua sasa analileta lile neno. Badala yake akageuka, akaita Memsab. Kusema kweli, sikuwa nimefikiria kwamba hata yeye alikuwa mwanamke. Memsab akaja na kofia na biskuti kwa sahani, na marashi ya kuangusha nyuki. Akaita kwa sauti ndogo. Sigiriet akanusa, akapiga chafya kwa zile biskuti zote, akageuka. Diuki akaona mwenzake amegeuka, naye akageuka. Memsab akabaki anaongea na matako mawili. Alirudi kwa nyumba na sahani yake, na kutoka siku hiyo hakunipenda.

"Tafuta mwanamke ingine," Bwana akasema.

"Kwa rizavu, kwetu Maragoli, iko mmoja anajua punda sana," nikasema. "Hata mimi sijui mwingine kama yeye."

"Nani?"

"Bibi yangu."

Huo ulikuwa uongo wa kiwango cha juu. Rabeka hakuwa amewahi kuona punda isipokuwa ile ya Yesu kwa picha ya Sandei skuli.

Bwana akageuka. Akaingia ndani. Akatoka na karatasi, wino haijakauka. Ile karatasi mimi niliiomba miaka mitatu, punda aliipata kabla chai ipoe. Basi kijana, ukitaka kitu kwa mkubwa, wacha kumwambia shida yako. Mwambie shida ya farasi yake.

Lakini Bwana hakuwa mjinga kabisa. Aliweka sharti. Bibi akifika, yeye mwenyewe atasimama na kuangalia. Punda akimkubali, atakaa. Akimkataa, anarudi Maragoli siku hiyo hiyo, na mimi nitamfuata, kwa sababu nitakuwa nimemdanganya.

Nikatuma barua. Na hapo ndipo nilifanya kosa ambayo mpaka leo Rabeka akikosa la kunitukana anaitoa. Siku moja kabla afike, niliangalia ile kitambaa. Ilikuwa imetafunwa matundu pembeni, ina mate ya punda, imekuwa ngumu kama ngozi. Nikaona aibu. Nikapeleka mtoni, nikaifua na sabuni mara mbili, nikaianika kwa waya, ikawa buluu tena.

Mzee Chumo akaja, akaishika, akainusa. "Umefua hii?"

"Ndiyo, Mzee. Si anakuja."

"Bibi yako alikuwa humu ndani," akasema. "Umemfua."

Sikula jioni hiyo. Saisi mzima, mtu amefundishwa habari ya burashi, nikaharibu kazi ya mwezi kwa sababu ya kutaka kuonekana msafi.

Rabeka akafika kesho yake, siku mbili na nusu za miguu, na kikapu kichwani, na mtoto mkononi. Nimwangalie Rabeka au nimwangalie mtoto? Jerida akaniona, akajificha nyuma ya mama yake. Sikupata hata nafasi ya kusalimia vizuri. Bwana alikuwa tayari kwa ua na saa yake mkononi.

Akaangalia karatasi, akamwangalia mtoto. "Hii barua nasema bibi moja. Hii ingine ni nini?"

Rabeka hakujua Kiswahili sana wakati huo. Akaniuliza kwa Kilogoli huyo mtu anasema nini, nikamweleza. Akajibu kwa Kilogoli, akiwa ametabasamu vizuri kabisa: "Mwambie miguu yangu inauma, na akiuliza swali lingine nageuka narudi kwa mama."

Nikamgeukia Bwana. "Anasema punda anapenda sana watoto."

Bwana akakubali. Nikampa Rabeka ile kitambaa, nikamnong'onezea aifunge kichwani. Akaigeuza, akaona yale matundu. Akaweka kidole kwa moja, kidole kikatokea upande wa pili.

"Baba Jerida, hii nilikupa unikumbuke. Imeliwa na nani?"

"Na yule pale."

Ndipo akainua macho, akamwona Sigiriet. Na nyuma ya Sigiriet, Diuki. Rabeka aliangalia yale masikio. "Umeniita nije nikae na wewe," akasema pole pole, "ama na huyo?"

Nikamwambia kila kitu kwa maneno machache, kwa Kilogoli, mdomo bila kusonga. Kwamba huyo mnyama akimkataa, tunarudi wote, kazi imeisha. Na kwamba aingie tu kwa ua, hamuumizi. Vijana, kuna macho mwanamke anaweza kukuangalia nayo, unajua kwamba hata ukishinda umeshindwa.

Akaingia. Akafunga ile kitambaa. Sigiriet akainua kichwa, akamwangalia, akanusa upepo. Sabuni tu. Akarudi kula nyasi yake. Mimi nikajiona niko njiani Kapsabet. Bwana akaangalia saa. "Yeye hapana jua hii bibi," akasema.

"Mwite," nikamwambia Rabeka. "Mfuate kidogo."

"Mfuate wewe," akasema. "Mimi nimetembea kutoka Maragoli. Sifuati punda."

Na akafanya nini? Akaona debe ya maji imegeuzwa hapo katikati. Akaketi juu yake, akatupa sisi wote mgongo, mimi, Bwana, punda, farasi. Akampakata Jerida. Akafungua kikapu, akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa na kachumvi kamefungwa kwa jani la ndizi. Akaanza kula, na kumlisha mtoto, kama mtu yuko kwake. Alikuwa na hasira kabisa. Hakuna mtu alikuwa amemfundisha kitu.

Mzee Chumo akatoa kijiti mdomoni.

Sigiriet akaacha nyasi. Akaja hatua moja, akasimama. Mbili. Diuki naye nyuma yake, kama kawaida yake. Unasikia tu mtoto anatafuna. Punda akafika, akaweka kidevu kwa bega la Rabeka, mdomo karibu na ile chumvi, akashusha pumzi. Diuki akaweka pua kwa kichwa ya Jerida. Mtoto akacheka. Rabeka hakusonga hata kidogo. Alikaa wima, ametulia, macho mbele, na kiazi imesimama nusu njia ya mdomo.

Bwana akafunga saa. "Huyu najua kazi," akasema, akaenda zake.

Rabeka aliniambia baadaye hakusonga kwa sababu miguu ilikuwa imekufa kwa uoga. Alisema alikuwa ameshaanza kuomba sala ya mwisho, na kwa hiyo sala jina langu lilikuwa ndani, lakini si kwa uzuri.

Tukapewa nyumba ya peke yetu nyuma ya banda la farasi. Ilikuwa na ukuta mmoja pamoja na Diuki, kwa hiyo ule ukuta ulikuwa wa matofali mazuri. Mzee Chumo aliishi kuona watoto wetu watatu, akarudi kwake na ng'ombe zake. Rabeka na Sigiriet wakawa wamezoeana mpaka nikaona wivu. Alikuwa anamwambia mambo yangu. Huyo punda alijua habari za nyumba yangu kuliko kasisi.

Miaka ikaenda, vita ikaja ikaisha. Memsab alienda Ulaya kuona mama yake, na huyo mama akaonekana kwa muda mrefu sana, kwa sababu Memsab hakurudi. Diuki akazeeka, akafa asubuhi moja amelala chini vizuri. Safari hii Bwana hakuita ng'ombe wa jembe. Tulimleta Sigiriet, akanusa, akasimama hapo mpaka kivuli kikasonga, akarudi kwa nyasi.

Mimi usingizi ukapotea. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Rabeka yuko hapa kwa sababu ya punda, punda yuko kwa sababu ya farasi, na farasi hakuna. Nikangoja niitwe. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaona afadhali nijue. Nikaenda, nikamkuta Bwana ndani ya banda, amekaa juu ya debe, kiko imezimika mdomoni, Sigiriet amesimama kando yake.

"Bwana," nikasema, "farasi amekwisha. Bibi yangu arudi rizavu?"

Hakugeuka. "Na punda atakaa na nani?"

Nikarudi nyumbani nikamwambia Rabeka. Alikuwa anachagua maharagwe. Akatoka mpaka mlangoni, akaangalia kule kwa banda, yule mzungu amekaa juu ya debe ametupa mgongo. Akarudi kwa maharagwe yake.

"Baba Jerida," akasema, "huyu mtu si vizuri kukaa peke yake. Tumfanyie na yeye mpango wa mwenzake."

Nikamwambia, "Ngoja kidogo."